Lori la mafuta limeanguka, watu wamechota, moto umelipuka: lawama ni za nani?

Kalavati (mleta mada) #1

Wakuu, heshima kwenu.

Kila lori la mafuta likianguka na kuua, comenti ni zilezile. Nusu ya watu wanaandika "Mungu awarehemu", nusu wanaandika "walikuwa wanaiba, wamepata walichokitafuta". Ilikuwa hivyo Morogoro, Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, tulipozika watu zaidi ya 100. Ikawa hivyo Freetown Novemba 2021, zaidi ya 150. Oktoba 2024 ikaja Majiya kule Jigawa, Nigeria, zaidi ya 150 tena, na wiki moja baadaye Kigoogwa, barabara ya Bombo nje ya Kampala.

Nataka tuichambue kwa utaratibu. Je, kuchota mafuta ya lori lililoanguka ni wizi? Na kama ni wizi, inatosha kumwambia mama wa marehemu kwamba mwanawe alijitakia? Dereva, mwenye lori, polisi na serikali wana fungu gani? Na wale wanaosimama pembeni kurekodi?

Sharti moja: anayetoa hukumu aje na kinachotokea kweli pale barabarani. Naona watu wengi wanahukumu moto wasioujua unavyowaka.

---

Mkia_wa_Mbuzi #2

Mali ya mtu ni mali ya mtu. Alijitakia. Uzi ufungwe.

---

Povu Zito #3

Usifungwe kwanza mkuu, maana neno "alijitakia" linadai kwamba aliyekufa alijua. Tuone kama alijua.

Petroli haiwaki ikiwa kimiminika, kinachowaka ni mvuke wake. Petroli inaanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa kwetu hakuna saa wala msimu ambao iko salama. Dizeli ni habari nyingine, hiyo inataka ipashwe moto kupita nyuzi 52 ndipo mvuke wake ushike. Mafuta ya taa yako katikati, nyuzi 38 kwenda juu. Watu wengi wamezoea dizeli na mafuta ya taa, wakiona petroli wanaichukulia kwa mazoea hayohayo.

Pili, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai. Unatambaa chini, unafuata mteremko, unaingia mtaroni, unapita kwenye kalavati na kutokea upande wa pili wa barabara, nyumbani kwa mtu ambaye hata hajui kuna lori limeanguka. Lita moja ikigeuka mvuke yote inatosha kuchafua hewa ya chumba kidogo, mita za ujazo 12 hivi, mpaka kiwango cha kuwaka. Tela moja linabeba lita 35,000 hadi 45,000. Pigeni hesabu wenyewe.

Tatu, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Chini ya hapo ni hafifu mno, juu ya hapo ni mzito mno na hauwaki. Pale katikati, watu walipoinama na ndoo, mara nyingi mvuke umepita hiyo asilimia 7.6. Mtu anaweza kuwa na sigara mdomoni pale na kisitokee kitu. Dakika 10, 20, 30 zinapita, watu wanaona mbona shwari, wanaitana. Wakati huo ukingo wa wingu la mvuke uko mita 30 au 50 pembeni, na huko ndiko mchanganyiko umekaa sawa. Bodaboda anapiga stata, au mama anawasha jiko la mkaa kibarazani. Moto unaanzia ukingoni na kurudi katikati. Waliochota wanaungua na ambao hawajachota wanaungua.

Kwa hiyo Mkia_wa_Mbuzi, huyo aliyeona nusu saa nzima hakuna kitu, alijua nini hasa?

---

Mkia_wa_Mbuzi #4

Alijua si yake. Hilo halihitaji asilimia.

---

Ruzizi Plaine #5

Ndugu zangu, mkitaja waliokufa bila kuchota, msiisahau Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Ilikuwa jioni ya robo fainali za Kombe la Dunia. Lori lilianguka katikati ya mji mdogo, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, petroli ikatiririka kati ya nyumba. Wako waliokwenda kuchota, ndiyo. Lakini wengi walikuwa ndani ya vibanda vya video wakitazama mpira. Nyumba za udongo na nyasi, mlango mmoja, watu wamebanana. Waliokufa walipita 230.

Waliandikwa kwenye habari moja, wakahukumiwa kwa sentensi moja. Hapo naona dhuluma ya pili.

---

Kifungu kwa Kifungu #6

Mleta mada kauliza kama ni wizi, nijibu kisheria halafu turudi kwenye maadili, kwa sababu ni mambo mawili.

Tanzania, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 258: kuchukua kwa udanganyifu, bila haki, kitu kinachoweza kuibwa, kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Kifungu cha 269 kinaongeza uzito pale mali inapoibwa kwenye chombo kinachosafirisha mzigo. Kenya ni kifungu cha 279, kifungo hadi miaka 14. Lori kulala ubavu hakubadilishi umiliki. Mwenye mzigo hajautupa, umemponyoka. Kwa hiyo anayefungua koki au kuvunja mfuniko wa tela ni mwizi bila mjadala.

Mafuta yaliyokwisha kumwagika mtaroni ni swali gumu zaidi. Kimsingi bado yana mwenyewe, ila mwenyewe hana namna ya kuyarudisha: yamechanganyika na tope, na hata yakikusanywa hayauziki kihalali. Hasara ya mwenye mali imeshatimia kabla ndoo haijafika. Wakili mzuri angebishana hapo siku nzima.

Kingine watu hawakigusi: watoto. Kwetu, mtoto chini ya miaka 10 hana jinai kabisa kisheria. Katika haya matukio watoto ndio wanaotumwa mbio na vidumu vya lita 5 kwa sababu wanapenya katikati ya watu. Mwite mwizi ukitaka, sheria haikuruhusu.

Na cha mwisho: hata adhabu ya juu ya wizi huu ni kifungo. Anayesema "wamepata walichostahili" anatoa hukumu ya kifo ambayo hakimu mwenyewe hana mamlaka ya kuitoa kwa kosa hilo.

---

Ustaadh wa Kichochoroni #7

Assalaam alaykum wote. Kwa upande wa dini sitaki tulegeze. Hata luqata, kitu ulichokiokota njiani, una wajibu wa kukitangaza mwaka mzima kabla ya kufikiria kukitumia. Sembuse mali ambayo dereva wake amelala pale pale anagugumia.

Na hili ndilo kosa kubwa kuliko ndoo: kumruka majeruhi ukakimbilia mzigo. Kuokoa nafsi ni faradhi. Pakiwa na mtu amebanwa kwenye kichwa cha lori na watu mia wanakinga mafuta, dhambi ya kwanza kuhesabiwa si mafuta.

Lakini maiti hatukanwi. Ukiwa huna la kheri la kumsemea, funga mdomo. Ndugu yangu wa namba 2, nakuusia.

---

Tela Mbili #8

Mmeanza kuongelea dereva, hapa ndipo penyewe.

Dereva wa mafuta aliyefundishwa anatakiwa afanye hivi kama bado ana fahamu: azime injini, akate swichi kuu ya betri (iko nje, nyuma ya kichwa au karibu na boksi la betri), abonyeze kitufe cha dharura kinachofunga valvu za chini za vyumba vyote, achukue karatasi za mzigo aondoke nazo, aende kinyume na upepo, apige simu, Zimamoto ni 114, aweke pembetatu mbali kadiri anavyoweza, pande zote mbili. Mwisho azuie watu. Kwa mdomo tu, hana silaha nyingine.

Sasa kinachoharibika. Kitufe cha dharura kwenye malori mengi ya mtumba kimeng'olewa au bomba lake la upepo limeziba. Swichi ya betri imefungwa waya moja kwa moja kwa sababu ilikuwa inasumbua. Mpira wa mfuniko wa juu umekakamaa, lori likisimama wima huoni shida, likilala ubavu kila mfuniko unavuja. Tela lina vyumba vitano hadi saba, kila kimoja na mfuniko wake. Hapo hata mtu asipofungua chochote, petroli inamwagika yenyewe.

Dereva anakimbia. Mnamwita mwoga. Anajua raia wanaweza kumpiga, anajua polisi watamweka ndani kwanza na kuuliza baadaye, na anajua tajiri wake atamkata shoti, yaani upungufu, ya mzigo wote. Ukimlipa mtu kwa safari, ukamkata kila lita inayopungua, umemfundisha kukimbiza gari na kuficha uvujaji mdogo. Halafu siku likianguka unasema uzembe wa dereva.

Na nyuma ya kila tela kuna kibao cha chungwa. Juu namba ya hatari, chini namba ya bidhaa. 33 juu na 1203 chini ni petroli. 1202 ni dizeli, 1223 mafuta ya taa. Mwananchi gani aliwahi kufundishwa kusoma kile kibao? Kimewekwa kwa ajili ya zimamoto ambao wako kilomita 60.

---

Nakuru Juu #9

Niwaongezee ya huku kwetu Kenya. Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009. Zaidi ya 110 waliaga. Kulikuwa na simulizi mbili: moja ya sigara iliyotupwa kwa bahati mbaya, nyingine kwamba mtu aliyezuiwa kuchota alikasirika akawasha makusudi. Sijaleta hili nimlaumu yeyote. Nauliza: polisi wawili wakifika mahali kuna watu 300 na ndoo, maadili yanawataka wafanye nini? Watumie nguvu?

---

Povu Zito #10

@Nakuru Juu swali zuri, na jibu lake ni la kiufundi kabla halijawa la maadili.

Risasi hewani: hapana. Mdomo wa bunduki unatoa moto. Bomu la machozi: hapana kabisa, lile kopo lenyewe linafanya kazi kwa kuungua, ukilirusha kwenye petroli umewasha kiberiti. Gari la polisi kuingia katikati ya watu kuwatawanya: hapana, injini na breki zake ni chanzo cha moto kama pikipiki. Radio za mkononi za kawaida zikae mbali.

Kinachobaki ni umbali na sauti. Umwagikaji wa petroli bila moto: funga eneo mita 50 pande zote mara moja, na upande unakoelekea upepo fikiria kuhamisha watu hadi mita 300. Tanki likishashika moto: mita 800, na hiyo ni pamoja na waandishi, wanasiasa na ninyi wenye simu. Barabara isimamishwe pande zote na kila injini izimwe mbali. Sauti itoke mbali: kipaza sauti cha msikiti au kanisa, mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa kijiwe cha bodaboda. Watu humsikiliza wanayemjua. Polisi mgeni akipiga kelele, wanadhani anawafukuza ili achote yeye.

Askari asiyefundishwa haya akitumia nguvu anaweza kuua watu kwa nia njema. Asipofanya kitu atalaumiwa. Aliyemtuma bila mafunzo ndiye nitakayeanza naye.

Na msinitajie maji. Petroli inaelea juu ya maji, ukiipiga mpira wa maji unaibeba na kuisambaza na moto wake. Dawa ni povu, na povu linapakwa hata kabla moto haujawaka ili kufunika mvuke. Chukueni kidimbwi cha mita 20 kwa 20. Kinataka lita 4.1 za mchanganyiko wa povu kwa dakika kwa kila mita ya mraba, yaani lita 1,640 kwa dakika, kwa dakika 15 bila kukatika. Jumla lita 24,600, na humo dawa yenyewe ya povu lita 738 kama ni ya kuchanganywa asilimia 3, zinazobaki ni maji. Gari moja la zimamoto lenye tanki la lita 5,000 halifikishi hata dakika nne.

Wilaya ngapi zinazopitiwa na malori haya zina lita 738 za povu stoo? Hilo swali mtu anayepanga bajeti hawezi kulikwepa kwa kusema "wananchi waache tamaa".

---

Mkia_wa_Mbuzi #11

Sawa, nimekubali serikali ina lake. Lakini hii habari ya "umaskini" inayokuja nusu saa ijayo naikataa mapema. Maskini wangapi walipita Msamvu asubuhi ile wakaendelea na safari? Ukisema umaskini ndio uliwafanya waibe, unawatukana maskini waliokwenda zao.

---

Kalavati #12

Hapo mkuu una hoja, sikupingi. Umaskini haumfanyi mtu asiwe na uchaguzi. Unachofanya ni kubadilisha bei ya uchaguzi huo.

Mwaka 2019 petroli kituoni ilikuwa kati ya 2,000 na 2,500 kwa lita. Ndoo ya lita 20 ni kama 40,000 hadi 50,000 kwa bei ya pampu. Ukiiuzia wenye bodaboda kwa nusu bei, una 20,000 mkononi kwa kazi ya dakika tano. Kwa kibarua hiyo ni zaidi ya siku nzima juani. Upande wa pili wa mizani kuna hatari asiyoiona, kwa sababu ambazo Povu Zito kaeleza pale juu: haionekani na nusu saa ya kwanza haiumi.

Kumbuka pia siyo wote walikuja kwa mafuta. Msamvu ni njia panda, kuna stendi, kuna watu wanaopita tu wakasimama kutazama. Na mashuhuda walieleza kwamba kuna mtu alikuwa anang'oa betri ya lori. Huyo hakuwa hata na ndoo.

---

Tela Mbili #13

Betri ni kifo. Lori lina betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kupata 24. Ukifungua nati ya nguzo wakati kuna kitu bado kinavuta umeme, iwe taa, redio au king'ora cha kengele, lazima cheche iruke. Sipana ikigusa bodi, cheche kubwa zaidi. Ndiyo maana nikasema swichi kuu ikatwe na dereva mwenyewe dakika ya kwanza, wakati mvuke haujatanda. Akichelewa, asiiguse tena.

Simu mnazozisingizia kila siku sijaona ushahidi wa maana kwamba ndizo zinazowasha. Zinaua kwa njia nyingine, zinaita watu.

---

Povu Zito #14

Nakazia. Ongeza umeme tuli. Mvuke wa petroli unawashwa na cheche ndogo mno, yenye nishati isiyofika hata milijuli moja. Mtu aliyevaa nailoni akimimina petroli kwenye dumu la plastiki anaweza kutoa cheche yenye nguvu mara kadhaa ya hiyo, wala asiione. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kuzuia sigara, pikipiki na betri, kitendo chenyewe cha kuchota kinabaki kuwa chanzo cha moto.

---

Nesi Zamu ya Usiku #15

Nimewasoma kimya, ila kuna kitu mnakizungumza kama nadharia.

Anayechota amelowa. Miguu miwili ni asilimia 36 ya ngozi ya mtu mzima, mikono miwili 18. Hapo tayari ni 54 kabla hujahesabu uso. Tuchukue mwenye nafuu: kilo 60, ameungua asilimia 40. Maji ya mshipa ya saa 24 za kwanza ni mililita 4 mara kilo 60 mara asilimia 40, yaani lita 9.6. Nusu yake, lita 4.8, iingie ndani ya saa 8 za kwanza tangu aungue, siyo tangu afike hospitali. Kwa chupa za nusu lita huyo mmoja anataka chupa 20. Wakiletwa 50 wa namna hiyo, ni chupa karibu elfu moja kwa siku moja. Hospitali ya wilaya haina. Ndiyo maana wa Morogoro wengine ilibidi wapelekwe Muhimbili, na kila kilomita unayomsafirisha bila maji ya kutosha figo zinakufa.

Wodini hatuulizi nani alikuwa na ndoo. Anayetangulia ni mwenye sauti ya kukwaruza, masizi puani, nyusi zimeungua, kwa sababu koo lake litavimba na kuziba. Dereva, mpita njia, mchotaji, foleni ni moja. Anayetaka tuwapange kwa dhambi zao aje afanye yeye hiyo kazi saa tisa usiku.

Mkiwa pale barabarani, fanyeni haya na msifanye mengine. Mtoe mbali na mafuta kwanza. Mlaze, mviringishe, moto ufe. Mvue nguo iliyolowa petroli na vito vyote, isipokuwa kitambaa kilichogandia kwenye ngozi, hicho kiacheni. Mmwagieni maji safi yanayotiririka dakika 20, yana faida hata saa tatu zikiwa zimepita. Akianza kutetemeka, funikeni sehemu ambazo hazijaungua. Kidonda kifunikwe kwa kanga safi au nailoni safi ya kufungia chakula. Dawa ya meno, mayai, unga, mafuta ya breki, yote hapana. Nikikuta mtu amepakwa dawa ya meno lazima niikwangue, na inatoka na ngozi.

Na aliyelowa bila kuungua asikimbilie nyumbani. Avue nje, aoge kwa sabuni kabla hajakaribia jiko. Ndoo aliyoiingiza ndani ya nyumba inaweza kuunguza familia usiku, wakati habari imeshapoa.

---

Kifungu kwa Kifungu #16

Asante dada Nesi. Turudi kwa mwenye mzigo, maana uzi umemkwepa.

Pakistan, Ahmedpur Sharqia, tarehe 25 Juni 2017, zaidi ya watu 200 walikufa wakichota petroli. Mamlaka ya mafuta ya nchi ile haikuishia kwenye "walikuwa wanaiba". Ilikagua lori ikakuta halikufikia viwango, ikaitoza Shell Pakistan faini ya rupia milioni 10 na kuiagiza ilipe rupia milioni moja kwa kila aliyekufa, nusu milioni kwa kila majeruhi. Unaweza kusema kiasi ni kidogo, lakini kanuni iliyosimamishwa ni kubwa: kosa la mchotaji halifuti kosa la aliyeweka lori bovu barabarani. Yote mawili yanasimama, kila moja na mwenyewe.

Mahakamani kwetu mchotaji atapata shida, kwa sababu mahakama haipendi mtu ajenge dai juu ya uhalifu wake. Lakini familia ya mama aliyekuwa anauza vitumbua mita 60 pembeni ina dai zuri la uzembe na bima. Kenya bima ya mtu wa tatu ina kikomo cha shilingi milioni tatu kwa mtu. Tatizo ni ushahidi. Wote wameungua pamoja, nani anathibitisha mama hakuwa na ndoo? Kwa hiyo ile kauli ya "wote walikuwa wezi" ikishasambaa mtandaoni inamsaidia wakili wa kampuni ya bima kuliko mtu yeyote.

---

Nakuru Juu #17

Hii ya mwisho sikuwahi kuifikiria. Nimenyamaza.

---

Ruzizi Plaine #18

Kuna deni lingine. Mafuta yale hayakuwa ya Sange, yalikuwa yanapita. Watu wa kando ya barabara wanabeba hatari ya mzigo ambao hawaununui.

---

Tela Mbili #19

Ni kweli kabisa. Bomba la TAZAMA la Dar hadi Ndola, kilomita 1,710, lilianza 1968 na mafuta ghafi, sasa linasukuma dizeli. Petroli ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi inayopitia Dar bado inapanda juu ya matairi. Kenya wana bomba mpaka Eldoret na Kisumu, lakini kutoka hapo kwenda Uganda na kuendelea ni malori yaleyale. Kila mji mdogo wenye tuta na kona kali kwenye hizo barabara umekaa kwenye foleni ya kuanguka kwa lori.

Kama kuna tozo kwa kila lita inayopita, sioni kwa nini senti kadhaa zisirudi kwenye povu na mafunzo ya vijiji hivyo. Huo si msaada, ni malipo ya hatari.

---

Ustaadh wa Kichochoroni #20

Na wa video je? Mleta mada aliuliza mkaruka.

Mtu anatembea uchi, ngozi inaning'inia, anaomba maji, na kijana kamfuata na simu hatua kwa hatua. Mimi huyu simtofautishi na mwenye ndoo. Wote wamemkuta binadamu katika msiba wakachota wanachokitaka.

---

Kalavati #21

Nakubali ustaadh, kwa tofauti moja. Picha ya kabla ya moto, ya mbali, inaweza kuwasaidia zimamoto: kibao cha chungwa, upande lori lililolala, mafuta yanakoelekea. Hiyo itumwe 114 au kwa polisi, isitumwe kwenye grupu. Ukiituma kwenye grupu na jina la mahali, umetangaza mnada.

Baada ya moto, sura za majeruhi hazina kazi yoyote. Ndugu wanawatambua hospitalini, na walioungua wasitambulike wanapimwa vinasaba. Kwa hilo ndugu wa damu, mzazi au mtoto ikiwezekana, ndiye atoe sampuli, siyo mke au mume. Hiyo ndiyo taarifa ya kusambaza.

---

Mkia_wa_Mbuzi #22

Nimesoma yote. Bado nasema ni wizi. Ila ile ya "alijitakia" naifuta, hasa baada ya Kifungu kueleza nani anafaidika nayo. Sasa niulize kitu: moto ukishazimika, wale wanaokuja na msumeno na mtungi wa gesi kukata chuma chakavu, nao tuwaonee huruma? Hapo mafuta hayapo tena.

---

Povu Zito #23

Yapo, mkuu. Tanki lililojaa limejaa mvuke mzito usiowaka. Likishamwagika linavuta hewa ndani, na mvuke unashuka polepole mpaka unaingia katikati ya ile 1.4 na 7.6. Chumba kilichoonekana kitupu ndicho kinacholipuka kikipigwa mwali wa gesi. Na moto wa nje hauunguzi vyumba vyote. Kati ya vyumba saba unaweza kukuta viwili vimebaki na lita elfu kadhaa, mifuniko imefungwa.

Utaratibu ni huu: hakuna anayeligusa mpaka mafuta yaliyobaki yahamishwe kwa pampu isiyotoa cheche, lori lililoanguka na lile linalopokea mafuta yakiwa yameunganishwa kwa waya, na waya mwingine ukishushwa ardhini kutoa umeme tuli. Kisha kila chumba kipulizwe hewa au kijazwe maji, kipimwe kwa kifaa cha gesi, na namba isome chini ya asilimia 10 ya kile kiwango cha 1.4. Winchi isilinyanyue likiwa na mafuta ndani, linakatika katikati. Na mlinzi akae pale usiku kucha, alipwe na mwenye lori.